MREJESHO: Kuhamisha RAID 5 ya mdadm kutoka diski za TB 4 kwenda TB 8

Wakuu, niliuliza namna ya kubadilisha diski 4 za RAID 5 (diski zilizounganishwa kuwa safu moja, ikifa moja data inabaki) bila kupoteza data. Ninatumia mdadm, programu ya Linux ya kusimamia safu hizo. Kazi imeisha, safu sasa ina TB 24 badala ya 12.

Waliosema nichomoe diski ya zamani kwanza ndipo niweke mpya, hapana. RAID 5 ikipungukiwa diski moja haina kinga tena, na sekta moja mbovu kwenye zilizobaki inatosha kuharibu data. Kama kuna nafasi ya diski ya tano, tumia hii (md0 ni safu, sda1 ni ya zamani, sde1 ni mpya):

mdadm /dev/md0 --add /dev/sde1
mdadm /dev/md0 --replace /dev/sda1 --with /dev/sde1

Ya zamani inabaki kazini hadi nakala ikamilike. Fuatilia kwa cat /proc/mdstat, kisha --remove ndipo uichomoe. Thibitisha namba ya utambulisho ya diski (serial number) kwenye lebo, maana majina ya sda na sdb hubadilika mashine ikiwashwa upya.

Kabla ya yote: bakapu, halafu andika "check" kwenye /sys/block/md0/md/sync_action safu ikaguliwe, ili sekta mbovu zijulikane mapema. Partisheni (migawanyo ya diski) ziwe za mpangilio wa GPT. Ule wa zamani, MBR, unakomea TB 2.

Ukubwa hauongezeki hadi zote 4 zibadilishwe. Hapo ndipo mdadm --grow /dev/md0 --size=max, na usubiri usawazishaji.

Kilichokwamisha ni ext4, mfumo wa faili ulio juu ya safu: bila kipengele cha 64bit haivuki TiB 16. Angalia kwa tune2fs -l. Kama hakipo, umount, e2fsck -f, resize2fs -b (kuwasha 64bit), kisha resize2fs ya kawaida (kupanua).