Wapi Yesu alisema yeye ni Mungu? Naombeni hoja zenye mashiko

Kijana wa Ubungo

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoijua Biblia vizuri, na Waislamu pia karibuni ila tuheshimiane. Kazini kuna jamaa yangu Muislamu tunakula wote mchana, ni mtu mwema sana na hana ubishi wa ovyo, sasa mada ya dini ikaja akaniuliza swali moja tu, nionyeshe wapi Yesu alitamka kwa mdomo wake "mimi ni Mungu, niabuduni". Nikampa Yohana 10:30, mimi na Baba tu umoja, akanifungulia Yohana 17 pale Yesu anapowaombea wanafunzi wawe na umoja kama yeye na Baba, akasema basi na mitume nao ni miungu? Nikaja na miujiza, akasema Elisha alifufua mtoto wa yule mama Mshunami na Musa alipasua bahari na hakuna anayewaabudu. Afu akamalizia kwamba Uungu wa Yesu ulipigiwa kura kwenye mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea mwaka 325 kwa amri ya mfalme wa Kirumi.

Naomba nisipewe majibu ya "we amini tu" au "hilo ni fumbo". Mimi naamini, nimebatizwa na kipaimara nimepata. Ninachotaka kujua ni hiki, wale Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, watu ambao asubuhi na jioni wanatamka Mungu ni mmoja, sasa walifikaje mahali pa kumwabudu mtu waliyekula naye samaki?

Mtu wa Songea

Mkuu hilo swali lako la mwisho ndo zito, lile la jamaa yako limekaa upande kidogo. Yesu angesimama hekaluni aseme "mimi ni Mungu niabuduni" watu wa pale wangeelewa moja kati ya mawili, kwamba anajiita Baba mwenyewe au anajitangaza mungu wa pili, na Wakristo hawaamini lolote kati ya hayo. Alichofanya ni kuchukua mambo ambayo kila Myahudi anajua ni ya Mungu peke yake akayafanya kama ya kwake.

Na usianze na Yohana, anza na Marko, maana wasomi wengi wanaona ndo injili iliyoandikwa kwanza. Marko 2, Kapernaumu, watu wanne wametoboa dari wakamshusha mwenzao aliyepooza, Yesu anamwambia "Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Waandishi, yani walimu wa sheria ya Kiyahudi, waliokaa pale wanawaza moyoni huyu anakufuru, nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu. Na waliwaza sawasawa kabisa. Juma akikopa kwako laki mbili, mimi mpita njia siwezi kumwambia Juma nenda zako deni nimelifuta, anayefuta ni aliyekopesha. Sasa linganisha na nabii wa kweli, Nathani, alipomwendea Daudi baada ya yale ya Bathsheba (2 Samweli 12:13), hakusema nimekusamehe, alisema Bwana ameiondoa dhambi yako. Nabii anapeleka taarifa. Yesu hapeleki taarifa ya mtu, anasema "mpate kujua ya kwamba Mwana wa Adamu anayo amri duniani ya kusamehe dhambi" kisha anamwinua yule mgonjwa mbele yao.

Halafu nenda Marko 14, usiku wa kesi. Kuhani mkuu anamuuliza wewe ndiwe Kristo, anajibu "Mimi ndiye" na kuongeza kwamba watamwona Mwana wa Adamu ameketi mkono wa kuume wa nguvu akija na mawingu ya mbinguni. Kuhani anararua nguo na kusema amekufuru. Kwa nini aione ni kufuru? Kujiita Masihi peke yake haikuwa kufuru, karibu miaka 100 baadaye Rabi Akiva, mwalimu mkubwa wa Wayahudi, alimtaja Bar Kokhba, kiongozi wa uasi dhidi ya Roma, kuwa Masihi na hakuna aliyemshtaki kwa kukufuru. Kilichomchoma kuhani ni Danieli 7, yule mmoja mfano wa mwanadamu anayekuja na mawingu, anapewa ufalme usiokwisha na mataifa yote yanamtumikia. Yesu amejiweka kwenye kiti kile mbele ya baraza zima.

Kwa hiyo ile hoja maarufu ya "ama ni mwongo, ama ni kichaa, ama ni Bwana" mimi huwa siitangulizi, maana Muislamu atakujibu tu kwamba hakusema hayo, yameongezwa. Lazima kwanza uonyeshe imani hii ilikuwepo mapema kiasi gani.

Mama Neema

Asante mtumishi kwa hiyo ya Nathani. Mimi naongezea la kuabudiwa. Kornelio alimwangukia Petro miguuni, Petro akamwinua akamwambia simama, mimi nami ni mwanadamu. Kule Listra watu walitaka kuwatolea Paulo na Barnaba dhabihu ya ng'ombe, wakararua mavazi yao wakakimbilia katikati ya watu wakipiga kelele msifanye hivyo. Hata malaika kwenye Ufunuo 22 Yohana alipomsujudia alimkataza, akamwambia msujudie Mungu. Sasa Yesu aliyefufuka, wale kina mama wanamshika miguu wanamsujudia hawakatazi, Tomaso anamwambia "Bwana wangu na Mungu wangu!" hamkemei, anamwambia umesadiki. Mtume anakataa, malaika anakataa, yeye anapokea. Hilo kwangu linatosha kabisa.

Abu Salim Tanga

Assalamu alaykum na amani kwenu wote. Nimefurahi mada inakwenda kwa adabu, kwa hiyo nami nitasema kwa adabu. Sisi tunamheshimu Nabii Issa (a.s.), asiyemwamini hana Uislamu. Lakini dada yangu Mama Neema, kusujudu kwa heshima kumo humohumo kwenye Biblia yenu, ndugu zake Yusufu walimsujudia Misri, Mwanzo 42, na hakuna aliyesema Yusufu ni Mungu.

Ndugu wa Songea, kuhusu kusamehe dhambi, habari hiyohiyo iko Mathayo 9 na mwishoni watu wanamtukuza Mungu aliyewapa watu amri ya namna hii. Amepewa! Na Yohana 20:23 wanafunzi nao wanaambiwa wowote mtakaowaondolea dhambi wameondolewa. Je wao ni miungu?

Na mimi nawauliza yaliyo wazi zaidi. Marko 13:32, siku ile na saa ile hakuna aijuaye, wala Mwana, ila Baba. Mungu hajui? Yohana 17:3, uzima wa milele ndio huu, wakujue wewe Mungu wa pekee wa kweli. Gethsemane alikuwa anamwomba nani? Quran katika Al-Maida aya ya 116 Issa anaulizwa na Mola wake je wewe uliwaambia watu nifanyeni mimi na mama yangu miungu, naye anakana. Hayo mengine yamekuja baadaye, na Nikea ndipo yalipopitishwa.

Mpenda Historia

Naingia hapo kwenye Nikea tu, maana hili linarudiwa kila siku kwenye mihadhara na hata Wakristo wengi wanalinyamazia.

Nikea 325 haikuwa na upande uliosema Yesu ni nabii wa kawaida. Mgogoro ulianzia Aleksandria kwa padri mmoja Ario, na Ario mwenyewe alifundisha kwamba Mwana alikuwepo kabla ya ulimwengu na kwamba ulimwengu uliumbwa kupitia yeye, ila akasema Mwana naye ana mwanzo, aliumbwa kwanza. Kwa hiyo hata aliyeshindwa pale, Muislamu hawezi kukubaliana naye. Maaskofu waliokuwepo ni zaidi ya 200, mapokeo yanasema 318, na waliogoma mpaka mwisho kusaini ile kanuni ya imani ni wawili wa Libya. Na hawakuchagua vitabu vya Biblia pale, hilo nalo ni uzushi tu.

Kuhusu mfalme kulazimisha, angalieni kilichofuata. Konstantino, mfalme huyohuyo aliyeitisha Nikea, baadaye alimruhusu Ario arudi kutoka uhamishoni, na alipokaribia kufa mwaka 337 alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, mtu wa upande wa Ario. Mwanae Konstansio alitawala mpaka 361 akiwabana wafuasi wa Nikea. Athanasio wa Aleksandria, mtetezi mkubwa wa Uungu wa Kristo, alifukuzwa kwenye jimbo lake mara tano na wafalme. Yani kwa muda mrefu serikali ilikuwa inaupiga vita mtazamo wa Nikea na bado watu hawakuuacha, mpaka mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381 ukauthibitisha. Mimi naona hiyo ni dalili kwamba mzizi wake haukuwa ikulu.

Afu hii ndo naipenda kuliko zote. Mji wa Nikea uko jimbo la Bithinia, leo ni Uturuki. Jimbo hilohilo, karibu mwaka 112, lilikuwa chini ya gavana wa Kirumi Plinio, mpagani asiyekuwa na sababu yoyote ya kuwapendelea Wakristo. Aliwahoji, wengine akawatesa wakiwemo watumwa wawili wanawake, akamwandikia Kaisari Trajano kwamba kosa lao ni kukusanyika siku maalum kabla hakujapambazuka na kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni miaka 200 na ushee kabla ya mtaguso, kwenye jimbo lilelile! Ignasi, askofu wa Antiokia, naye kwenye miaka hiyohiyo akipelekwa Roma kuuawa anaandika "Mungu wetu Yesu Kristo" bila hata kufafanua, maana anaowaandikia wanalijua. Na mwaka 2005 kule Megido, Israeli, ndani ya eneo la gereza, ilifukuliwa sakafu ya nakshi ya ukumbi wa Wakristo, wachimbaji wake waliikadiria karne ya 3, ina maandishi ya Kigiriki kwamba mwanamke Akeptous ametoa meza kwa Mungu Yesu Kristo iwe ukumbusho. Huyo mama hakumsubiri Konstantino.

Mtu wa Songea

Sheikh Abu Salim umeleta hoja za maana na zinastahili majibu. Ni kweli Mathayo 9 watu wanasema Mungu amewapa watu amri hiyo, ndio maana nikasema Marko 2 haisimami peke yake, inasimama pamoja na ile ya Danieli 7 na mengine. Lakini Yohana 20:23 mwangalie anayetoa, ni Yesu ndiye anayewavuvia na kuwapa, na anachowapa ni Roho Mtakatifu. Nabii gani aligawa Roho wa Mungu kwa pumzi yake? Ya Yusufu nakubali, kuna kusujudu kwa heshima, ila basi Petro angeipokea heshima hiyo kwa Kornelio, na hakuipokea.

Yohana 17:3 ukiisoma usiishie hapo, shuka mistari miwili tu. Mstari wa 5 anasema Baba unitukuze pamoja nawe kwa utukufu ule niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako. Na Isaya 42:8 Mungu anasema utukufu wangu sitampa mwingine. Mtu aliyezaliwa Bethlehemu anadai alikuwa na utukufu huo kabla ya dunia, sasa hapo tufanyeje?

Marko 13:32 ni ngumu, sitaipitia juujuu, hata wazee wa kanisa iliwatoa jasho. Sisi tunaamini alichukua ubinadamu kweli, akasikia njaa, akachoka akalala mashuani, na Luka 2:52 inasema aliendelea katika hekima na kimo. Kwenye mtaguso wa Kalsedonia mwaka 451 walisema hivyo, Mungu kweli na mtu kweli. Gethsemane ni hapohapo, anaomba kama mtu anavyoomba, kwa jasho na hofu, na anamwomba Baba kwa sababu Mwana siye Baba. Ila soma ngazi za mstari wenyewe: hakuna mtu, hata malaika, wala Mwana, ila Baba. Amejiweka juu ya malaika, upande wa Baba. Nabii hawekwi hapo.

Kijana wa Ubungo

Aisee nimesoma yote. Ya Plinio na Bithinia sikuwahi kuisikia kabisa na nimekaa kanisani toka utotoni, kwanini hatufundishwi haya? Mtu wa Songea, umesema lazima uonyeshe imani hii ilikuwepo mapema. Plinio ni 112, jamaa atasema hiyo ni miaka 80 baadaye. Kuna ya mapema zaidi?

Abu Salim Tanga

Ya Nathani na Daudi nitaitazama, hiyo sikuifikiria. Nami nasubiri jibu la swali la kijana, maana Paulo mwenyewe anasema 1 Wakorintho 8:6 kwetu sisi Mungu ni mmoja tu, aliye Baba. Hapo Paulo yuko na sisi.

Mtu wa Songea

Sheikh umetaja mstari uleule niliotaka kumpa. Barua hiyo ni ya mwaka 54 au 55 hivi, kusulubiwa ni 30 au 33, kwa hiyo haifiki hata miaka 30, Petro yuko hai, Yakobo ndugu yake Bwana yuko hai Yerusalemu. Weka mstari huo sambamba na kiapo ambacho Paulo alikitamka toka akiwa mtoto, Kumbukumbu la Torati 6:4, Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja. Kisha usome mstari wa Paulo mpaka mwisho: Mungu ni mmoja tu, aliye Baba, ambaye vitu vyote vimetokana naye, yuko na Bwana mmoja Yesu Kristo, ambaye kwa yeye vitu vyote vimekuwapo. Amechukua kiapo chenyewe cha Mungu mmoja, "Mungu" akampa Baba, "Bwana" akampa Yesu, na kazi ya kuumba akaiweka kwa wote wawili, wakati anabishana na Wakorintho kuhusu nyama za sanamu na kuwaambia miungu mingi ni ubatili. Na hatetei jambo jipya. Wakorintho walimgombeza Paulo kwa mengi, ila hakuna dalili kwenye barua zote mbili kwamba walimgombeza kwa hili.

Wafilipi 2 ni vivyo hivyo, Isaya 45:23 Mungu anaapa kila goti litapigwa mbele zangu, na Paulo anasema kila goti litapigwa kwa jina la Yesu. Wasomi wengi wanaona huo ni wimbo uliokuwa unaimbwa kabla hata Paulo hajauandika. Kijana, mpelekee jamaa yako hiyo mistari minne, Kumbukumbu 6 na 1 Wakorintho 8, Isaya 45 na Wafilipi 2, mkae mezani muisome pamoja, miwili miwili, afu urudi utuambie kajibuje.