Kutoka kornabeki kwenda frisefti: naomba ushauri

Wakuu, kijana wangu anacheza futiboli ya Marekani shuleni hapa Ohio, namba ya kornabeki, yule beki wa pembeni anayemkaba mpokeaji pasi. Sasa kocha anataka msimu ujao awe frisefti, yule beki wa mwisho kabisa. Mbio anazo. Shida ni macho: kazoea kumganda mtu mmoja, akimtazama kiunoni. Kule nyuma inabidi amsome kwotabeki (mrusha pasi wa wapinzani) na kuwapanga wenzake kwa sauti (na huyu mtoto ni mkimya balaa). Najua Rod Woodson alihama hivyo akiwa timu ya Ravens mwaka 1999, na Devin McCourty kule timu ya Patriots 2012, ila hao tayari walikuwa wa kulipwa. Mazoezi gani yatamfundisha kukata pembe sawasawa, yaani kumwahi mwenye mpira kwa njia ya mkato? Na kumwangusha mkimbiaji wa kilo 100 peke yake, aanzie wapi?