Ahadi za viongozi kuhusu tabianchi: tuzipime kwa kipimo gani?

Mleta mada
Wadau, chini ya Mkataba wa Paris wa 2015 kila nchi hujipangia yenyewe mchango wake wa kupunguza gesijoto (hewa chafu zinazoipasha dunia joto) na kuuwasilisha upya kila baada ya miaka 5. Hoja yangu ni kwamba viongozi wengi hawana dhamira, na ushahidi umo kwenye hati zao wenyewe.

Fanyeni hesabu hii. Nchi inazalisha tani milioni 100 za gesijoto kwa mwaka. Inaahidi kupunguza asilimia 30 ifikapo 2030, lakini si kutoka 100. Ni kutoka makadirio ya "tukiendelea kama kawaida", yaani 200. Asilimia 30 ya 200 ni 60, zinabaki 140. Ahadi imetimia, makofi yamepigwa, na moshi umepanda kwa asilimia 40. Makadirio yakivutwa hadi 220, lengo linalegea lenyewe na kuwa 154, bila mtu kugusa ile 30. Halafu msome maandishi madogo: mara nyingi sehemu kubwa ya asilimia hiyo ni "kwa masharti ya kupata fedha kutoka nje".

Mchangiaji wa pili
Mkuu, hesabu ni sahihi, hitimisho silikubali. Nchi ambayo nusu ya watu wake hawajapata umeme lazima moshi wake upande kidogo. Ukiilazimisha ianzie 100 unaiambia ibaki gizani. Na hayo masharti ya fedha si kisingizio. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zilifikisha kiasi hicho mwaka 2022.

Tena angalia zinavyohesabiwa. Mkopo wa dola milioni 100 unaandikwa milioni 100 zote, ingawa mkopaji atarudisha kila senti na riba juu. Fedha za umma zinazohesabiwa humo, zaidi ya nusu ni mikopo. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Baku 2024 nchi zinazoendelea zilidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka, lengo la nchi tajiri kuongoza utoaji likawekwa bilioni 300, tena ifikapo 2035. Kwa hiyo tukisema "viongozi", tuseme viongozi gani.

Mchangiaji wa tatu
Mnabishania asilimia wakati ugonjwa uko kwenye adhabu. Paris ina kamati ya utekelezaji, ila mkataba wenyewe unasema kamati hiyo haiadhibu.

Mchangiaji wa nne
Ndugu, adhabu ilishajaribiwa. Itifaki ya Kyoto, mkataba uliotangulia ule wa Paris, ilikuwa nayo: aliyeshindwa alitakiwa kulipia pengo lake pamoja na asilimia 30 ya ziada katika kipindi kinachofuata. Kanada ilipoona haifiki, Desemba 2011 ilitangaza kujitoa. Mkataba unaouma sana mlango wake uko wazi.

Kinachobana ni sheria ya nyumbani. Uingereza tangu 2008 ina bajeti za kaboni (yaani kikomo cha gesijoto) za miaka mitano mitano, zinazopitishwa miaka kama 12 kabla, na kamati huru inayoripoti bungeni kila mwaka. Julai 2022 Mahakama Kuu iliukataa mpango wa serikali. Sababu? Hatua zilizokuwa na takwimu zilijumlishwa zikafika kama asilimia 95 tu ya upunguzaji uliohitajika kwa bajeti ya sita ya kaboni, na waziri aliyesaini hakuonyeshwa kila hatua inachangia kiasi gani. Uholanzi nako, Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliiamuru serikali ipunguze gesijoto angalau asilimia 25 chini ya kiwango cha 1990 ifikapo mwisho wa 2020. Sasa niambie, ni mkutano upi wa kimataifa uliowahi kumkagua waziri mstari kwa mstari namna hiyo?

Mchangiaji wa tano
Sheria sawa, lakini mimi huanzia kwenye ruzuku ya mafuta, maana namba za bajeti ya serikali hazipigi hotuba. G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, waliahidi 2009 kuipunguza hadi iishe. Mwaka 2022 ruzuku za wazi (serikali kufidia bei iliyo chini ya gharama) za mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani zilifika kama dola trilioni 1.3 kwa makadirio ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa.

Ila kuiondoa kuna mpangilio wake. Ekwado, Oktoba 2019, ilifuta ruzuku ya dizeli na petroli kwa amri moja. Barabara zikafungwa, na kabla wiki mbili hazijaisha amri ikaondolewa. Irani 2010 ilianza upande wa pili: kaya zilifunguliwa akaunti, fedha zikawekwa kwanza, ndipo bei ikapanda Desemba. Mitaa ilitulia. Kosa lao lilikuja baadaye: kiasi kile, riali 455,000 kwa mtu kwa mwezi, hakikupandishwa huku mfumuko wa bei ukikitafuna.

Mleta mada
Mchangiaji wa pili, kuhusu nchi isiyo na umeme nimekuelewa, nalegeza hapo. Lakini basi iweke mezani vitu vinne: tani za mwaka wa msingi, makadirio na kanuni iliyoyazaa, sehemu isiyo na masharti ikiwa peke yake, na kasma ya bajeti ya mwaka huu inayoilipia. Cha nne ndicho nisichokiona kwenye hati nyingi. Na hatua ya kuondoa ruzuku aliyoisema mchangiaji wa tano, je, inahesabiwa kama hatua ya tabianchi au ya hazina? Maana wizara mbili zikiidai, hakuna itakayoisimamia.

Mchangiaji wa tano
Hazina. Wizara ya mazingira haina ufunguo wa bei ya dizeli.