Naomba ushauri: mtoto anayesumbuliwa na sauti na mguso hapati usingizi mzuri

Habari zenu, wazazi na walezi wenzangu. Mwanangu wa miaka 4 huziba masikio feni ikiwashwa, hulia lebo ya nguo ikimgusa shingoni, na usiku huamka mara kwa mara, ilhali umri wake unahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Asipolala vya kutosha, kesho yake hata mlio wa kijiko kwenye sahani humtoa machozi, nami inaniuma sana kumwona hivyo. Tumekata lebo zote, tunazima televisheni mapema na tumeweka pazia zito, lakini nafuu ni ndogo. Je, nianze kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa tiba kazi (anayesaidia watu kumudu shughuli za kila siku)? Na blanketi zito, lile lililoongezwa uzito ili kumtuliza anayelala, ni salama kwa umri huu?