Kufunga muhula katika idara: kazi ianzie wapi ili matokeo yasikwame?

Mratibu mpya wa idara anauliza:

Salaam kwenu nyote. Nimekabidhiwa uratibu wa idara yenye wahadhiri wa kudumu na wengine kadhaa wa muda, na muhula sasa uko ukingoni. Nikiwa mhadhiri wa kawaida nimeshuhudia jambo lile lile likijirudia kila muhula: mitihani ikianza tu, kila mtu anazama katika kusahihisha, na wakati huo huo kitivo kinadai mgawo wa kozi za muhula ujao, rasimu ya ratiba, orodha ya wahadhiri wa muda, majina ya wasimamizi wa tasnifu na ripoti ya idara. Hatimaye alama zinafika usiku wa kuamkia bodi ya kitivo, yaani kikao cha kitivo cha kupitisha matokeo, kikao cha idara kinageuka mahali pa kujumlisha alama badala ya kuzijadili, na mgawo wa kozi unapitishwa na watu waliochoka ambao hawana tena nguvu ya kuhoji lolote. Wanaoumia zaidi ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa sababu alama ya kozi moja tu isipoonekana yatosha kumzuia mtu kuhitimu pamoja na wenzake.

Naomba mnieleze mnavyoipanga kazi hii katika idara zenu. Tarehe za ndani ya idara mnazipangaje, na mnawezaje kuwafanya wahadhiri wazizingatie pasipo kukosana nao? Mnafanya nini pale ambapo siku ya kikao imefika na bado kuna alama zinazokosekana? Aidha, ningependa kujua kama ni busara kujadili matokeo na mipango ya muhula ujao katika kikao kimoja, kama tulivyozoea hapa, au kila jambo lipewe siku yake.

Aliyewahi kuwa mkuu wa idara anajibu:

Ndugu mratibu, pole kwa majukumu na hongera kwa kuuliza mapema. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba tarehe zako usizianzie kwenye siku ya mtihani wa mwisho. Zianzie kwenye siku ya bodi ya kitivo, kisha urudi nyuma. Bodi ina tarehe isiyosogezwa. Kabla yake makabrasha yanapaswa kuwafikia wajumbe. Kabla ya makabrasha, kikao cha idara kiwe kimepitisha matokeo. Kabla ya kikao, mtahini wa nje, yaani mhadhiri wa chuo kingine anayekagua mitihani yetu, awe amepata nafasi ya kupitia sampuli ya vitabu vya majibu pamoja na maswali na miongozo ya usahihishaji. Na kabla ya hayo yote alama ziwe zimeingizwa katika mfumo na kuhakikiwa. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua namna hiyo, utagundua kwamba muda halisi wa kusahihisha ni mfupi kuliko kila mtu anavyodhani, na kwamba mhadhiri anayechelewa hacheleweshi alama zake peke yake, bali anakula siku za mtahini wa nje, ambaye kwa kawaida huwa mstahimilivu lakini hawezi kusoma vitabu visivyosahihishwa.

Naomba usilipuuze suala la ukubwa wa madarasa. Kozi yenye wanafunzi 400, ikiwa kila kitabu kinahitaji dakika 15, ni saa 100 za kusahihisha. Kozi yenye wanafunzi 20 ni saa 5. Ukiwapa wahadhiri hao wawili tarehe moja ya mwisho, na mtihani wa darasa kubwa ukawekwa siku ya mwisho ya ratiba, umeshapanga ucheleweshaji kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna barua ya kukumbusha itakayouondoa. Dawa yake ni kuomba, wakati rasimu ya ratiba ya mitihani inapozungushwa katikati ya muhula, kwamba mitihani ya madarasa makubwa itangulie. Ofisi nyingi za mitihani hukubali ombi hilo likifika mapema, ila likifika baada ya ratiba kubandikwa huwa ni usumbufu kwa kila mtu. Pale ambapo darasa ni kubwa kupita kiasi, mgawie mhadhiri wasaidizi, na kila mmoja asahihishe swali lake katika vitabu vyote badala ya kugawana vitabu, ili jibu la aina moja lisipate alama tofauti kwa sababu tu liliangukia mkono mwingine.

Alama za majaribio na kazi za muhula zifungwe kabla ya mtihani wa kwanza, na wanafunzi wazione na kupewa siku za kulalamika. Idara nyingi hufanya kazi hii baada ya mitihani, na hapo ndipo zinapokwama, kwa kuwa mhadhiri analazimika kutafuta karatasi za jaribio la wiki ya tano huku rundo la vitabu vya majibu likimsubiri mezani.

Kuhusu vikao, mimi nilivitenganisha na sikurudi nyuma tena. Kikao cha matokeo kina ajenda moja tu. Mipango ya muhula ujao iwe na siku yake baada ya bodi ya kitivo, watu wakiwa wamepumua kidogo na idadi ya wanaorudia kozi ikiwa inajulikana.

Afisa mitihani wa kitivo anajibu:

Nitajibu sehemu ya alama zinazokosekana, kwa kuwa ndiyo inayonifikia mezani kila muhula. Sifuri si sawa na kukosekana kwa alama. Sifuri inasema kwamba mwanafunzi alifanya kazi na hakupata kitu. Nafasi tupu inasema kwamba hatujui. Nimeona orodha ambazo kila nafasi tupu imejazwa sifuri ili wastani ukokotoke, na kwa kitendo hicho kimoja mwanafunzi aliyekuwa amelazwa hospitalini anahesabiwa amefeli. Kinyume chake ni hatari vile vile: programu za majedwali zikikokotoa wastani huziruka nafasi tupu, kwa hiyo mwanafunzi ambaye hakufanya jaribio la pili anaweza kuonekana na wastani mzuri kuliko mwenzake aliyefanya yote mawili. Kila nafasi tupu iandikiwe sababu yake: huyu ana ruhusa ya kuahirisha na atafanya mtihani maalumu, yule hakutokea na hakuna taarifa, wa tatu alitia saini ukumbini lakini kitabu chake hakijaonekana. Hilo la tatu lishughulikiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kosa hapo ni la taasisi, si la mwanafunzi.

Ndiyo maana nasisitiza hesabu ya namba tatu: saini katika karatasi ya mahudhurio, vitabu vilivyokabidhiwa kwa mhadhiri, na alama zilizorudi. Zikilingana, endelea. Zikitofautiana hata kwa moja, simama hapo hapo, maana kumtafuta mmoja leo ni kazi ya dakika chache, ilhali kumtafuta baada ya matokeo kutangazwa ni kazi ya barua na vikao.

Uhakiki wa alama ufanywe na watu wawili. Mmoja ashike vitabu na kusoma kwa sauti namba ya usajili na jumla iliyo kwenye jalada, mwingine atazame kilichoandikwa kwenye skrini. Kwa baadhi ya vitabu, wafungue ndani na kujumlisha upya, maana alama ya swali lililoendelezwa kurasa za nyuma husahaulika mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Kisha kuna makosa ya jedwali lenyewe. Mtu hupanga safu ya majina kwa alfabeti akasahau kuchagua na safu za alama, na kila mwanafunzi anachukua alama za mwenzake pasipo dalili yoyote ya kosa, kwa kuwa wastani wa darasa haubadiliki hata kidogo. Namba ya usajili inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo ikiingizwa kama namba badala ya maandishi, na mfumo unamkataa mwanafunzi husika. Kabla ya kuwasilisha, chagua wanafunzi wachache kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa orodha, ufuatilie alama zao kutoka kwenye kitabu hadi kwenye mfumo.

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni alama za mpakani. Kama alama ya kufaulu ni 40, idara iamue kabla ya kuona majina itafanya nini na 39.5, na uamuzi huo utumike kwa kozi zote. Kulijadili suala hilo mwanafunzi mmoja mmoja, majina yakiwa mezani, ni kufungua mlango wa upendeleo hata pale ambapo hakuna aliyekusudia.

Katibu wa idara anajibu:

Naunga mkono yaliyosemwa, ila niongeze kwa upande wa ofisi, kwa kuwa mambo mengi yanayokwama hayakwami kwenye alama. Mhadhiri anapochukua vitabu vya majibu, atie saini na idadi iandikwe; anaporudisha, ifanyike vivyo hivyo. Kila kifurushi kiwe na msimbo wa kozi, muhula, idadi ya vitabu, nakala ya maswali na mwongozo wa usahihishaji. Rufaa ikija miezi kadhaa baadaye, kifurushi cha namna hiyo hupatikana mara moja, na mhadhiri mwingine anaweza kukipitia hata kama mwenye kozi yuko masomoni nje ya nchi.

Wahadhiri wa muda wanahitaji uangalizi wa pekee. Wengi wao wana kazi nyingine, hawaingii ofisini kila siku, na barua pepe za idara huwapita. Mkataba wao utaje wazi kwamba kazi inaisha alama zikishahakikiwa, si kipindi cha mwisho kikishafundishwa. Lakini idara nayo iandae fomu za malipo yao mapema, maana si haki kumdai mtu alama kwa wakati ilhali malipo yake ya muhula uliopita hayajapita kwa mhasibu.

Omba pia ratiba za likizo kabla ya mitihani kuanza. Mratibu anayejua mapema nani atakuwa safarini hatapanga kikao ambacho mwenye kozi tatu hayupo. Na muhtasari wa kikao cha matokeo uandikwe siku hiyo hiyo, ukionyesha kila hoja imekabidhiwa kwa nani na inatakiwa lini, kwa kuwa yatokanayo yasiyo na jina la mtu hayafanywi na mtu.

Mratibu mpya wa idara:

Nawashukuru sana. Hesabu ya namba tatu nitaianza muhula huu huu, na ombi la kuitanguliza mitihani ya madarasa makubwa nitaliandaa kwa ajili ya muhula ujao. Limebaki jambo moja ambalo naliona gumu kuliko alama, nalo ni mgawo wa kozi. Baadhi ya walimu wangu, ambao wamenitangulia kwa mbali na ninawaheshimu, wamefundisha kozi zile zile kwa miaka mingi na huziona kuwa ni zao, huku wahadhiri wasaidizi wakibebeshwa madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza. Nalifikishaje jambo hili kikaoni bila kuonekana nawavunjia heshima?

Mhadhiri mwandamizi anajibu:

Mwalimu, usilipeleke kama lalamiko. Lipeleke kama jedwali. Andika jina la kila mhadhiri, na mbele yake kozi anazofundisha, saa za darasani, idadi ya wanafunzi, tasnifu anazosimamia, kamati alizomo, na kama kuna kozi anayoifundisha kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kuandaa kozi mpya ni kazi kubwa isiyoonekana kwenye ratiba. Hesabu ya saa 100 dhidi ya saa 5 aliyoitoa mwenzetu hapo juu ijitokeze humo. Kabla ya kikao, mpelekee kila mzee wa idara jedwali hilo ofisini kwake, umwombe asahihishe mstari wake. Utaona kwamba wengi hawakuwa wakijua mzigo wa wenzao, na anayelijua hilo mapema, faraghani, ana nafasi ya kujitolea yeye mwenyewe kupokea darasa la mwaka wa kwanza. Akilijua mbele ya watu atajitetea, na hapo umempoteza.

Mgawo uanze na kozi za lazima, hususan zile ambazo mwanafunzi asipozipita hawezi kuendelea na nyingine, ndipo zifuate za hiari. Kila kozi iwe na mwalimu wa pili anayejua mtaala wake na aliyewahi kuona maswali yake ya mitihani. Hiyo ni kinga wakati wa ugonjwa au masomo, na pia hulegeza taratibu ule umiliki unaousema, bila mtu kunyang'anywa chochote.

Katika jambo moja natofautiana na mkuu wa idara wa zamani. Kuvitenganisha vikao ni sawa, lakini kikao cha mipango kikisubiri hadi baada ya bodi, idara ndogo haipati tena muda wa kutafuta wahadhiri wa muda, wala ofisi ya ratiba haipati muda wa kuondoa migongano ya vyumba. Sisi hukaa kupanga wiki moja kabla ya mitihani kuanza, wakati vipindi vinamalizika na bado hakuna vitabu vya kusahihisha. Tunagawa kozi zote tunazozijua, na tunaacha wazi vitu viwili tu: idadi ya makundi ya semina katika kozi zenye wanaorudia wengi, na wasimamizi wa tasnifu kwa wanafunzi ambao matokeo yao ndiyo yatakayoamua kama wanaingia mwaka wa mwisho. Hayo mawili humalizwa na mkuu wa idara na mratibu siku chache baada ya bodi ya kitivo, nao huwajulisha wahadhiri kwa maandishi, pasipo kuitisha kikao kingine.