Tupeane uzoefu: uliiona wapi hatari hospitalini kabla haijaleta madhara?

Mwana_Mvita:
Wana Mombasa wenzangu, salaam. Foleni ndefu na ukosefu wa dawa twavijua sote. Leo naomba mnieleze pale hasa kazi ilipokatikia: ni kwenye faili, maabara, dirisha la dawa au kwenye kubadilisha zamu? Msitaje hospitali wala jina la mfanyakazi. Tajeni wakati, kilichofanyika na kilichofaa kufanyika.

Naanza mimi. Shangazi yangu alifanyiwa upasuaji wa tumbo katika hospitali ya umma. Alfajiri sista alimdunga dawa ya maumivu, asiandike kwenye karatasi ya dawa. Zamu ikabadilika. Punde akaja sista mwengine na sindano ya dawa ileile. Shangazi mwenyewe ndiye aliyesema, "Mwanangu, hii si nimeshadungwa?" Sista akasita, akaenda kuuliza. Je, angekuwa bado na usingizi wa nusukaputi? Kwangu mie, hakuna wakati wa kuogopwa wodini kama ule wa kupokezana zamu.

Bin_Kisauni:
Babangu ana sukari. Alipolazwa, wodi haikuwa na bomba za sindano za insulini, tukaambiwa tukanunue nje. Dukani nikapewa bomba lenye alama mpaka 40, na insulini yake ni ya yuniti 100 kwa mililita. Bomba hilo limetengenezewa insulini ya yuniti 40 kwa mililita. Ukivuta mpaka alama ya 20 kutoka chupa ya 100, umevuta yuniti 50! Sukari ingemshuka mzee akiwa usingizini. Sista mmoja aliligeuza lile bomba kwenye mwanga wa dirisha, akasoma maandishi madogo ubavuni, akanirudisha dukani. Mungu amlipe kheri. Lakini kosa lilianza mapema: kikaratasi tulichopewa kiliandikwa "bomba la insulini", basi, bila kiwango. Jamaa akitumwa dukani hivyo, kazi ya kukagua inamwangukia mtu asiyejua anachokikagua.

Mama_Nuru:
Mwanangu alishikwa na degedege usiku. Twakaa Likoni, na hospitali tuliyokwenda iko ng'ambo, kwa hivyo kuna na kungoja feri. Kufika, mlangoni tukaambiwa tukakate kadi kwanza, na dirisha la kadi limejaa watu. Mtoto macho yamegeuka juu. Hakukuwa na mtu wa kupita kwenye foleni kutazama nani hawezi kungoja. Mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja kwa daktari. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Baadaye ndipo nikajua kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Nataka maneno hayo yaandikwe kwa herufi kubwa palepale kwenye dirisha la kadi.

Said_Changamwe:
Kwetu ni maabara. Mke wangu alitolewa damu mara mbili kwa sababu chupa ya kwanza iliachwa mezani bila jina. Chupa isiyo na jina ingeweza kubandikwa jina la mgonjwa mwengine.

Mkunga_Mstaafu:
Nimezisoma zote kwa uchungu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, na usiku tulikuwa wauguzi wawili wodi nzima. Mkilaumu, kumbukeni na hilo. Asiyeandika kwenye karatasi mara nyingi ameitwa kitanda cha pili kabla hajashika kalamu.

Hatari ninayoijua zaidi ni damu baada ya kujifungua. Tulikuwa tukiikadiria kwa macho, na damu iliyonywewa na shuka huonekana kidogo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama aliwekewa plastiki yenye mfuko wa alama, damu ikapimwa, na ilipozidi matibabu yote yakaanza kwa pamoja. Visa vya kutokwa damu kukali vilipungua kwa 60%. Dawa zenyewe zilijulikana tangu zamani. Tofauti ilikuwa kugundua mapema na kuanza bila kusubiri.

Bin_Kisauni:
Mama, sasa sisi jamaa tufanye nini? Tukiuliza twaambiwa twajifanya madaktari. Na malalamiko tupeleke wapi?

Mkunga_Mstaafu:
Uliza kwa upole: "Sista, hii ni dawa gani, na ya mwisho alipewa saa ngapi?" Muuguzi makini hachukii. Mama aliyejifungua asiachwe peke yake saa za mwanzo. Pedi ikilowa upesi, au akisema ana kizunguzungu, ita papo hapo. Malalamiko anza kwa msimamizi wa wauguzi, kisha msimamizi wa hospitali, kwa maandishi. Tangu 2013 huduma hizi zi chini ya kaunti, kwa hivyo panda mpaka idara ya afya ya kaunti. Wakikukalia kimya, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bure. Weka tarehe, saa na zamu, la sivyo barua haitafuatiliwa.

Mwana_Mvita:
Shukran sana, bi mkunga. Wengine, hasa mliopewa rufaa kutoka hospitali ndogo usiku: mlipofika, walikuwa wameshapigiwa simu wakawa wanawangoja, au mlianza kuelezea upya mlangoni?