Nani Alikata Mwembe?

Kikundi: WAJUKUU NA BIBI

Alhamisi, 02:07

Mama Zuhura: Nani yuko macho?

Shangazi Mwaju: Uliza nani amelala.

Mama Zuhura: Huku Magomeni fukuto la kufa mtu. Umeme umekatika tangu saa tano, pangaboi limesimama. Nimeloweka kanga mbili nikazitundika dirishani, zinadondosha maji tu, upepo hakuna. Haya madirisha ya aluminiamu ukiyafungua ni nusu, nusu nyingine kioo.

Shangazi Mwaju: Kariakoo umeme upo, bora usingekuwepo. Wapangaji wa ghorofa ya tatu wamefunga viyoyozi viwili, mashine zake zote chini ya dirisha langu. Wao wamejifunika blanketi, mimi napuliziwa kama nimekaa nyuma ya jiko la mama lishe.

Faraji: Shikamooni. Ndivyo kiyoyozi kilivyo Shangazi, joto hakiliui, kinalitoa ndani na kulimwaga nje. Na umeme kinaokula nao unageuka joto hukohuko nje.

Shangazi Mwaju: Marahaba. Basi na kodi yangu wailipe wao.

Bamdogo Hamisi: Mnazidisha. Simu yangu inasema nyuzi 26. Mwezi wa pili Dar ndivyo ulivyo tangu tuzaliwe, kaskazi hiyo. Laleni.

Faraji: Shikamoo Bamdogo. Kipimo cha Dar kinachotangazwa kiko uwanja wa ndege. Kimewekwa kivulini, mahali pa wazi penye nyasi. Hakijawahi kulala Magomeni chini ya bati.

Mama Zuhura: 😂😂

Mama Zuhura: Ngojeni niwaambie kitu. Nimetoka uani peku kutafuta upepo. Saa nane hii, jua limezama tangu saa moja kasoro, lakini pevingi bado zina moto, kama mfuniko wa sufuria iliyoipuliwa sasa hivi. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha watoto, ule unaotazama magharibi. Mtoto mwenye homa ana nafuu.

Faraji: Hapo umegusa penyewe Mamkubwa. Tofali, zege na lami vinakunywa jua mchana kutwa, halafu usiku vinalitema pole pole. Uwanja wa mchanga wenye majani haufiki huko, na joto lake linapaa mbinguni mapema. Sasa Kariakoo kwa Shangazi ukuta unatazamana na ukuta, mbingu ni kamstari. Ukuta huu ukitema joto, ule wa pili unalidaka. Na upepo wa bahari unazibwa na maghorofa kabla haujamfikia.

Bamdogo Hamisi: Chuo kimekukaa. Basi wote tuhamie Lushoto kwenye baridi.

Faraji: Lushoto baridi yake ni ya mlima Bamdogo, ukipanda mita 1,000 unapoteza kama nyuzi 6. Tusiudanganye mzani. Tulinganishe na Mkuranga kwa Bibi: pwani ileile, kaskazi ileile.

Mama Zuhura: Pale nilipokanyaga ndipo ulipokuwa mwembe.

02:31

Shangazi Mwaju: Naona Hamisi anaandika… anafuta… anaandika…

Bamdogo Hamisi: Nilijua tunakoelekea. Mwembe ulijaza majani kwenye bati, embe lilipasua kioo cha gari la mgeni, mizizi ilishaanza kunyanyua msingi. Niliuliza humuhumu, wote mkasema sawa. Siku ya Idi mmepiga picha juu ya pevingi zangu mkazisifia. Leo joto, mimi ndiye jua?

Mama Zuhura: Mimi sikusema sawa. Nilisema "haya".

Shangazi Mwaju: "Haya" ya dada yangu si sawa, Hamisi. Umekua nayo, unaijua.

Faraji: Bamdogo si mti mmoja ulioleta joto la mji. Ila uani kwetu mwembe ulifanya kazi mbili. Kivuli ni moja. Ya pili ni ile ya mtungi wa Bibi. Maji ya mtungini yanapoa kwa sababu mtungi unatoka jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Mti nao unavuta maji chini na kuyatoa majanini, hewa inayouzunguka inapoa. Umeuondoa mtungi, umeweka kikaango.

Bamdogo Hamisi: Na jasho langu mbona halikauki?

Faraji: Hewa ya Dar imeshashiba unyevu, haina pa kuliweka. Ndiyo maana nyuzi 32 za hapa zinachosha kuliko 32 za Dodoma.

Kaka Rashidi: Nawasoma kutoka Chicago, huku theluji magotini, nawaonea wivu kidogo tu. Ila msichukulie mzaha. Julai 1995 joto liliua watu zaidi ya 700 mji huu ndani ya siku chache. Wengi wazee, wanaishi peke yao, madirisha wamefunga kwa kuogopa wezi. Mchana mwili unavumilia, ila usiku ukikosa kupoa siku ya pili na ya tatu, moyo unachoka.

Shangazi Mwaju: Astaghfirullah. Bibi wa chumba cha pembeni hapa anafunga dirisha hivyohivyo. Asubuhi nitamgongea.

Faraji: Na hilo la usiku limejulikana zamani. Luke Howard wa London, mtengeneza dawa, alichapisha vipimo vyake mwaka 1818: mji unazidi mashamba kwa joto, na tofauti inaonekana zaidi usiku. Wakati huo London hakuna gari wala kiyoyozi.

04:52

Bibi Mkuranga: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:14)

Mama Zuhura: Kwa wasio na bando la kusikiliza: Bibi anasema ameamka kuswali amekuta simu inawaka kama kuna msiba. Anasema mchana jua lilimchoma kama lilivyotuchoma sisi, hakuna cha ajabu, lakini tangu saa nane yuko ndani ya shuka. Anauliza nani alikata mwembe, maana aliambiwa umeanguka wenyewe.

Shangazi Mwaju: 🙈

Kaka Rashidi: Mimi theluji inaniita.

06:20

Bamdogo Hamisi: Shikamoo Mama. Nitakupigia.

07:45

Bamdogo Hamisi: Nimeshapigiwa. Jumamosi fundi anakuja kung'oa pevingi, pale pa mwembe TU. Mita mbili kwa mbili. Bati nalo nitalipaka rangi nyeupe, Faraji ananiambia Ahmedabad kule India wanapaka mapaa hivyo. Mwenye swali aniulize leo, si saa nane usiku. Ila gari nitapaki wapi?

Bibi Mkuranga: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Mama Zuhura: Anasema mche ameshauotesha kwenye kopo la maziwa. Gari upaki kivulini, baada ya miaka saba.